Kilele Kisichojulikana kwenye Zabibu za Baba

Jumatatu, 4 Desemba

Nimegundua kitu! Mimi Fiorenza, muosha vichupa wa maabara. Zabibu za Baba, siku sabini zikikauka kwenye vichaga darini kungojea kukamuliwa divai. Mashine ya kupima uzito wa molekuli imeonyesha kwenye grafu kilele kisichokuwamo kwenye orodha yangu — na orodha nimeiandaa mwenyewe miaka miwili, kila kemikali ya zabibu inayojulikana. Zabibu za jirani hazina. Nimeshaanza kutafuta jina. Fiorenzini. Sina haya.

Jumanne, 5 Desemba

Nimempigia Baba. Nikamwambia dari yake ina kitu ambacho hakuna mwingine anacho. Akasema labda ni upepo wa huku mlimani. Mama akadakia kwamba mumewe anashinda darini kutwa, zabibu anazipenda kuliko mke. Nimeandika kurasa nne za ugunduzi wangu.

Alhamisi, 7 Desemba

Aibu.

Profesa Zanolli, mkuu wa maabara yetu, kasoma kurasa zangu mbele ya wote. Akauliza, kwa upole, kama nimelinganisha na orodha ya kemikali zote, si za zabibu peke yake. Wapi! Akabonyeza. Sekunde moja — nikotini. "Binti yangu, hiyo ni tumbaku. Kuna mtu anavuta huko darini kwenu." Ndivyo tulivyo watu wa zabibu, hata moshi tunauona zabibu.

Nimecheka na wenzangu mpaka kwenye ngazi. Hapo kicheko kikakatika. Mwezi wa Machi Baba alipata mshtuko wa moyo. Daktari alisema akivuta tena, tutamzika. Mama akachoma sigara zote kwa mkono wake.

Jumapili, 10 Desemba

Nimekuja nyumbani, nimepanda darini kabla ya chakula. Baba huyo, katikati ya vichaga, sigara mdomoni. Nikamwambia anajiua. Eti ni moja tu kwa siku. Mara, hatua za Mama kwenye ngazi. Sijui ilifikaje, ila sigara ikawa mkononi mwangu.

"Fiorenza! Unavuta mbele ya baba yako, na moyo wake ule?"

Nami, mtaalamu wa ushahidi, nikafyata ulimi.

Nimejifungia chumba changu cha zamani. Mama anagonga. Baba anamtuliza: "Mwache, Ines, si mtoto tena." Mzee huyu! Nikinyamaza, kesho atapanda tena. Nikisema, Mama hatamwamini tena maisha yake yote.

Sasa Mama analia. Anasema kuuguza moyo wa mmoja kumemtosha, wawili hawawezi. Baba hamtulizi tena. Nimeshika kitasa —