Mkojo wa Kuazima wa Mkuu wa Zimamoto

Shoga, nimecheka mpaka mbavu zikauma, kisha kicheko kikaniishia mdomoni.

Leo kikosi chetu cha zimamoto tumeanza kupimwa dawa za kulevya. Mkuu wetu akahutubia kwanza, kifua mbele: "Mkojo hausemi uongo!" Akaingia chooni wa kwanza, eti awe mfano.

Mfano kweli. Kipimo kikasoma BANGI.

Bangi, shoga! Mkuu wa zimamoto ambaye moshi wa sigara tu unamkohoza!

Nesi akauliza, "Mzee, huu mkojo ni wako?" Akisema wake, kazi hana. Akisema si wake, kazi hana. Katoa macho kama mjusi kabanwa na mlango.

Kumbe anatumia dawa ya kikohozi, akaogopa itaonekana. Akaazima mkojo wa dereva wetu, yule tunayemwita Mchungaji kwa kuwa hata soda hanywi. Mtakatifu, atakuwa safi!

Mchungaji mwenyewe ndiye kanisimulia sasa hivi, anacheka mpaka machozi. Yeye hajapimwa, zamu yake kesho.

Anacheka hivyo king'ora kinalia, tunakimbilia moto, na usukani kaushika kwa mkono mmoja.