Benchi la Mbele

Kwa Dada yangu mpenzi,

Shikamoo Dada. Mgongo wako umepoa? Watoto wanakula, wanalala? Shemeji msalimie, mwambie asikuachie ndoo zote ubebe peke yako. Mimi huku nasukuma siku.

Najua unashangaa mwandiko wangu umenyooka, wewe uliyezoea kuuita nyayo za kuku. Nitakueleza.

Lile darasa la jioni ulilonishikia bango nijiunge nalo, nilianza kwa aibu. Mtu mzima mwenye ndevu narudia hesabu za kidato cha tatu, zile zile zilizonitoa shule. Lakini safari hii zilikuwa zinaingia. Mwalimu alisema nikiendelea hivyo nitafaulu mtihani, na chuo cha ufundi kitanichukua. Nilirudi chumbani nikicheka peke yangu kama mwehu. Hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia maneno kama hayo.

Mchana niko karakana, tunachomelea mageti. Kofia ya kukinga macho ni moja tu, na anaivaa fundi mkuu. Sisi wengine tunashikilia chuma, tunageuza uso, moto ukiwaka tunafumba macho. Yakianza kuuma kama yametiwa mchanga, tunayabandika vipande vya kiazi kibichi, na asubuhi tunarudi kazini. Ndivyo kila mmoja wetu alivyojifunza. Siku niliyolalamika, fundi mkuu aliniuliza kama nimekuja kazini au harusini.

Darasani nilianza kwa kukaa nyuma. Nikasogea katikati, halafu benchi la mbele, huku nikilaumu taa. Mwalimu alinitania kwamba siku moja atanikuta kwenye kiti chake. Jirani yangu kwenye benchi, mama mmoja mpishi wa hosteli, alikuwa akininong'oneza yaliyoandikwa ubaoni, akidhani mimi ni mvivu tu wa kunakili. Wiki iliyopita alichelewa. Mwalimu akaniambia nisome swali la ubaoni. Nikasoma la jana yake, nililokuwa nalo kichwani, kwa sauti kubwa bila wasiwasi. Kumbe ubao ulikuwa umefutwa, hauna hata nukta. Darasa zima lilivunjika mbavu. Mwalimu alidhani namfanyia mzaha, akanitoa nje.

Dada, nilichokuwa nakuficha ni hiki: macho yangu yameharibika. Nikimtazama mtu naona mabega na masikio, pale penye uso pana doa. Daktari amesema kilichoungua hakirudi, wala miwani haitasaidia kitu. Mtihani ni mwezi ujao. Nimekwenda kwa wasimamizi wa mtihani kuomba nisomewe maswali, wakasema hawana utaratibu huo. Najua umeshawatangazia wenzako wote kazini kwamba mdogo wako anakwenda chuo. Usiwaambie kwanza. Nimekata tamaa, Dada, sikufichi tena. Hesabu zote ninazo kichwani, na sina pa kuziandika.

Mwandiko huu ni wa mpishi. Mimi nasema, yeye anaandika, na analia kuliko mimi, kwa hiyo ukiona wino umetawanyika usidhani barua ilinyeshewa. Anakusalimu sana. Nikumbatilie watoto.

Jina hapo chini nimeandika mwenyewe. Mpishi amenishika kidole akakiweka mahali pa kuanzia. Kama limepanda juu ya maneno yake, nisamehe.

Mdogo wako,
Kitindamimba