Mistari Aliyoiruka Nabwire

Nateete, Kampala
14 Juni

Mama yangu mpendwa,

Mulembe, Mama. Goti linaendeleaje? Na mdogo wangu Nabwire, kikohozi kimemwacha? Mimi mwili ni mzima. Anayekuletea barua hii ni Halimah, jirani yangu anayefuata nguo za kuuza huko Busia. Mpe japo uji, maana tangu simu ya nyumbani iingie maji, yeye ndiye posta yetu.

Mama, nimekuona! Jumamosi, kwenye ukumbi mmoja huko Naguru, sura yako kwenye skrini ilikuwa kubwa kuliko ukuta wa nyumba yetu. Nabwire aliwahi kuniandikia kwamba watu wa kamera wamekuja kupiga filamu ya familia zisizo na kitu na masomo ya watoto wao, nami nikadhani ni mambo ya kampeni. Nilikuwa nimesimama nyuma na trei ya chai. Taa zikazimwa, nikaliona paa letu lenye tundu, kisha wewe. Uliazima viti vya kanisa kwa ajili ya wageni, mwenyewe ukakaa chini. Ni wewe kabisa.

Nilingoja waonyeshe watoto darasani. Wakakuonyesha wewe, umejibana kwenye dawati la darasa la watu wazima! Halafu ukaketi mlangoni, ukafungua barua yangu, ukaisoma mwenyewe, kidole kikitembea neno kwa neno. Mama yangu anasoma! Nilistaajabu hadi vikombe vikagongana, na Alanyo, msimamizi wetu, akaninong'oneza eti Sylvanus, unamwaga chai ya watu, nini mbaya?

Mwenye kamera alikuuliza kwa nini umeanza kusoma uzeeni. Ukasema kila barua yangu ikifika, Nabwire akikusomea, ulikuwa unayaona macho yake yakiruka mistari, na ulitaka kujua mwanao anakuficha nini. Watu wakacheka. Mimi nikaitua trei. Juu ya kila barua nilikuwa nakuandikia habari za wodi za Mulago na masomo ya uuguzi, chini naandika, "Nabwire, hapa usimsomee Mama." Na barua zote umezitunza kwenye kopo la majani ya chai. Ukamwambia umeshazimaliza zote, na kwamba mtoto wako akitaka kurudi darasani, atakukuta huko.

Basi nikwambie kwa mkono wangu, japo unajua. Chuo niliacha mwaka juzi. Nilianguka mtihani, nikaona aibu, nikakimbia. Habari za wodi nilikuwa nazisikia kwa wenzangu waliobaki. Kubeba chai ndiyo kazi yangu. Nisamehe, Mama. Jumatatu nilikwenda chuoni kuuliza. Wamesema mtihani naweza kuurudia Agosti. Naogopa sana, lakini nimeshaandikisha jina.

Nisalimie Nabwire na wote wa hapo nyumbani. Yeye mwache apumzike. Hii isome mwenyewe, pole pole, mpaka chini. Hakuna mstari wa kuruka.

Mwanao,
Sylvanus