Pete Mbili za Bibi Araksi

Mama Vartuhi, shikamoo. Mwanao nimekwama, naomba uninusuru. Mimi ni Hrant, sonara wa hapa Los Angeles, na ukiona bibi harusi wa Kiarmenia anang'aa kuliko taa za kanisa, ujue pete niliichora mimi. Shule niliikimbia mapema lakini matajiri wa Paris na Dubai nimewavika pete vidoleni, hata wake zao wa pili nawajua. Sasa, juzi juzi alikuja Bibi Araksi, mjane wa fundi viatu wetu, akaniwekea mezani pete yake na ya marehemu mumewe Garo, akasema, "Mwanangu, ziyeyushe ziwe msalaba mmoja, mjukuu wangu auvae siku ya harusi," nami nikamjibu, "Bibi, kwangu hata malaika wanapanga foleni," lakini nilipozikagua nikakuta zimejaa lehemu ya kuungia nyufa, na dhahabu ya hivyo ukiisubu, yaani ukiiyeyusha na kuimimina kwenye kalibu, inapasuka, basi kwa roho safi nikatoa dhahabu yangu mpya, nikasubu msalaba wa kuliza watu, na zile pete nikazitupia kopo la chakavu kama tufanyavyo mafundi wote, likaenda kiwandani kwa wanaosafisha dhahabu kuukuu. Bibi alipokuja akaubusu, akausemesha: "Garo, umenenepa!" Nikakosa pa kuangalia. Nimepiga simu kiwandani, wamenicheka: imeshayeyushwa pamoja na ya mtaa mzima. Mke wangu Siranush ananisuta, "Dhahabu unaijua, Hrant, watu huwajui." Harusi Jumapili. Nimwambie, au ninyamaze abaki na furaha yake? Hata mizaha yangu imechacha.

Mama Vartuhi anajibu:

Marahaba, Hrant. Moyo wako mzuri nimeuona, na majivuno pia, yamekaa kiti cha mbele. Bibi hakukuomba dhahabu bora. Alimtaka Garo. Ungemwambia mapema kwamba itapasuka, angekwambia, "Basi ziunganishe hivyo hivyo," akaondoka na mumewe. Hapo umeharibu, mwanangu, na hakuna ufundi wa kuparekebisha.

Unaogopa kumvunja moyo, lakini nani kakuruhusu kumchagulia anachokibusu? Nenda kabla ya Jumapili. Usibebe zawadi, usitie utani, na habari za lehemu ziache dukani. Mwambie, "Bibi, Garo hayumo humu, nimempoteza mimi." Kisha funga mdomo. Akilia, kaa. Akikufukuza, toka, urudi kesho yake. Msalaba uvaliwe au usivaliwe, ni juu yake. Na akikuuliza pete ya mumewe ilikuwaje, mweleze kila mkwaruzo, taratibu, kwa sababu wewe ndiye mtu wa mwisho aliyeitazama.