KUFUNGWA KWA KONA YA MAFUNJO

Kumbukumbu za kikao cha Kamati ya Wavuvi na Wachuuzi wa Samaki, Asembo Bay, kilichofanyika Jumanne, 16 Machi 1993, saa tisa alasiri, katika banda la kupimia samaki

WALIOHUDHURIA
Bw. Absalom Amolo – Mwenyekiti
Mzee Joram Ouma – Makamu
Bw. Wabwire – Mweka Hazina (alichelewa, kama kawaida)
Mama Seline – Mwakilishi wa wachuuzi
Bi. Dorca – Katibu

MGENI
Bi. Safia Saleh – Mtafiti wa samaki kutoka Kisumu

WASIOHUDHURIA
Hakuna. Katibu anaomba jambo hili lizingatiwe, hasa kwa yaliyotokea baadaye.

KUMB. NA. 1/3/93: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti aliomba sala ndefu ili wajumbe wajaliwe moyo wa ukweli. Mzee Joram aliitikia amina kwa nguvu huku akimtazama Mwenyekiti.

KUMB. NA. 2/3/93: RIPOTI YA MTAFITI
Bi. Safia alikumbusha kwamba mwezi uliopita aliwauliza wavuvi watatu wa kamati, kila mmoja peke yake, mahali samaki aina ya ngege wanapozalia, ili pafungwe hadi Julai. Alieleza kwamba ngege jike huatamia mayai mdomoni, na watoto wake hujificha kwenye mimea ya ukingoni. Mzee Joram alisema alimjua ngege kabla mama wa mgeni hajaolewa.

"Ndiyo, Mzee," alijibu Bi. Safia. "Ndiyo sababu nilikuja kwako kwanza."

Kisha alikunjua ramani. Mwenyekiti alikuwa ameonyesha mawe anapovua Mzee Joram. Mzee Joram alikuwa ameonyesha maji ya Bw. Wabwire. Bw. Wabwire alikuwa ameonyesha mbele ya boma la Mwenyekiti. Maneno yaliyofuata hayakuandikwa kwa sababu yalihusu mama za watu.

Kelele zilipopungua, mtafiti alisema alijaribu sehemu zote tatu na hakupata mtoto hata mmoja wa ngege. Aliwakuta wamejaa Kona ya Mafunjo, mahali ambapo hakuna mjumbe aliyepataja. Aidha, alikuta hapo nyavu za matundu madogo, zimepangana hadi mtumbwi wake ukakosa njia.

KUMB. NA. 3/3/93: HOJA YA KUFUNGA KONA
Mama Seline alitaka Kona ifungwe siku hiyo hiyo. Alisema tangu ngege waadimike anauza mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta ambayo viwanda vimeshakata nyama.

"Mtoto yangu ya mwisho iliniuliza kama samaki inazaliwa bila nyama," alisema. "Mimi nilicheka, halafu nikalia. Nyinyi wazee mnataka nimwambie nini?"

Katibu naye alihisi uchungu, na hafuti neno hilo.

Mwenyekiti alisema jambo hilo halihitaji haraka, akapendekeza liundiwe kamati ndogo. Alipoulizwa nyavu ni za nani, alisema si zake. Mzee Joram alisema, "Mimi sijui hiyo maneno kabisa." Bw. Wabwire alitikisa kichwa.

"Basi afadhali," alisema Bi. Safia. "Boti ya inspekta wa uvuvi inapita huko jioni hii. Zisizo na mwenyewe zitachomwa."

KUMB. NA. 4/3/93: RUHUSA
Bw. Wabwire alikumbuka kwamba ng'ombe wake anazaa. Katibu hajawahi kuona ng'ombe huyo. Mzee Joram alilalamikia mgongo, akaonekana akikimbia kuelekea ufukweni. Mwenyekiti alisema anakwenda haja, kikao kiendelee tu. Alibeba kasia.

KUMB. NA. 5/3/93: AZIMIO
Mama Seline aliuliza kama wajumbe wawili wanatosha kupiga kura. Katibu alisoma katiba na kueleza kwamba kifungu cha akidi kiliondolewa mwaka jana kwa pendekezo la Mwenyekiti mwenyewe, aliyechoshwa na kuwasubiri watu.

Ilipitishwa kwamba Kona ya Mafunjo ifungwe mara moja hadi Julai, na kwamba mchuuzi yeyote asinunue ngege atakayetoka huko. Mama Seline alipendekeza, Katibu akaunga mkono. Hakuna aliyepinga.

KUMB. NA. 6/3/93: KUFUNGA KIKAO
Mwenyekiti alirejea akiwa amelowa hadi kifuani, na wavu begani. Alitaka kujua kamati ndogo imefikia wapi. Alisomewa azimio. Alisema halimfungi, kwa kuwa halikupigiwa kura mbele yake.

"Sawa, Baba," alisema Mama Seline. "Dorca, andika Mwenyekiti alikuwa wapi."

Mwenyekiti aliomba kalamu. Kikao kilifungwa saa kumi na moja na nusu jioni.

Sahihi: A. Amolo, Mwenyekiti (wino umetawanyika kwa maji)
Sahihi: Dorca, Katibu