Wembe wa Jumapili

4 Februari

Mdogo wangu Profesa,

Salamu nyingi. Hujambo? Shemeji na mwanangu hawajambo? Mimi nipo, ila tumbo upande wa kulia limekuwa zito kama nimemeza jiwe la kunolea.

Nakuandikia kwa sababu simu humu ndani ina masikio. Nina mteja amepigwa picha ya ini, kaambiwa ana uvimbe. Wewe unashinda na seli za ini huko maabara. Nieleze kama unavyomweleza kinyozi: hiki kitu kinaanzaje? Na je, kinatembea?

Kaka yako


19 Februari

Kaka, shikamoo.

Sisi wazima. Mwanao kang'oka jino la mbele, sasa kila akisema anapiga mluzi. Hilo tumbo lipeleke hospitali, usilitibu kwa tangawizi.

Mimi huku ni yaya tu wa seli za saratani. Nazilisha, nazibadilishia maji, wala hazina shukrani. Seli ya ini ni kama nyumba yenye kengele mlangoni. Ini likiumia, mwili unabonyeza: gawanyika, ziba kidonda. Likipona, kengele inanyamaza. Ya saratani imekwama. Inalia yenyewe, seli inajiita na kujiitikia. Baadaye inakuja ishara nyingine inayolegeza gundi iliyoishika kwa jirani zake. Hapo inaponyoka, inaingia kwenye damu, mara nyingi inahamia mapafuni.

Chanzo mara nyingi ni virusi vya homa ya ini. Vinaingia kwa damu, hasa utotoni, vinakaa kimya hata miaka thelathini. Ndugu za huyo mteja wapimwe.

Halafu Kaka, tangu lini ukaandika barua kwa ajili ya mteja?

Mdogo wako


2 Machi

Mdogo wangu,

Kama umesimama, kaa kwanza. Mteja ni mimi.

Si hilo tu. Mama alipolazwa, nilikwenda kumtolea damu. Wakaikataa. Nesi akaniita pembeni: una virusi vya ini, wembe wako usimguse mtu. Nilikuwa na miaka ishirini, wewe minne. Kibanda cha kunyolea nilikuwa nimekifungua mwezi uleule. Nikaogopa, nikafunga mdomo.

Unakumbuka Jumapili zetu baada ya hapo? Najinyoa mimi kwanza, napima makali, kisha nakuita, "Njoo, mzee kipara." Ulidhani nakuonea huruma usiumie. Kile kikovu nyuma ya sikio lako ni wembe huo, ukiwa bado na damu ya shingo yangu.

Wateja niliwafungulia wembe mpya, kila mmoja, mbele ya macho yake. Niliogopa wangeuliza. Wewe hukuwa mtu wa kuuliza.

Nakuomba ukapime. Baada ya hapo nitukane utakavyo.

Kaka yako


30 Aprili

Mdogo wangu,

Wiki nane sasa. U mzima? Siulizi kwa mazoea.

Picha ya mapafu imetoka, ina madoa mawili. Seli zimeponyoka, kama ulivyosema. Lakini kinachonikosesha pumzi ni wewe. Kila mtu akibisha hodi, nadhani ni habari zako. Nikimnyoa mtu nyuma ya sikio, naona kikovu chako. Juzi nimefunga kibanda.

Andika hata tusi moja.

Kaka yako


11 Mei

Kaka, shikamoo.

Hilo neno nimelifuta mara tatu, nikalirudisha.

Nilijitoa damu mwenyewe, nikaipima kwa mashine ninayoisafisha kila asubuhi. Virusi ninavyo. Ini langu bado safi kwenye picha, nimeanza vidonge vya kuvituliza, na nitapigwa picha kila miezi sita mpaka nife. Mke wangu hana. Mwanao alichanjwa alipozaliwa, hana.

Nikiinamia darubini siku hizi, naziona zile seli kama ndugu zangu wa tumbo moja. Naiacha, natoka nje.

Ulijua miaka thelathini na miwili. Hilo sijalisamehe. Usiniharakishe.

Jumapili nakuja. Ndevu usiziguse, ziache. Kwenye kiti utakaa wewe. Wembe nakuja nao mimi, nitaufungua mbele ya macho yako.

Mdogo wako