Ng'ombe Ambao Hawakutoka

Jumatatu, 3 Juni

Ukungu mpaka saa nne. Nimechuma chai vikapu viwili, Mama Lusajo kimoja. Sijisifu, ndivyo ilivyo.

Tusekile amerudi na fomu ya kitambulisho. Mwanangu huyu amefaulu kuwapita wote hapa Ikuti, anaingia chuo cha uuguzi. Rangi ni ya baba yake, yule mzungu wa mradi wa maji aliyeondoka mimba ikiwa na miezi minne. Akili ni yangu. Penye kabila, karani Ambakisye ameandika: Chotara. Hakumwuliza. Kamtazama usoni, kaandika.

Watoto wa njiani wanamwita mzungu tangu anatambaa. Huwa nacheka. Mdomo hupita. Kalamu haipiti.

Jumatano, 5 Juni

Nimekwenda ofisini kwa karani na Tusekile. Foleni hadi kwenye miparachichi. Nikamwambia, kaka Ambakisye, umekosea, huyu ni Mnyakyusa. Hata kichwa hakuinua.

“Mtoto hufuata baba, Mama Tuse. Au huyo mzungu alitoa ng'ombe nisiowajua?”

Foleni nzima ikacheka. Mwalimu mmoja mstaafu akasema kabila lisiulizwe kabisa, sote Watanzania. Mwingine akasema machotara nao wawe na mahali pao kwenye fomu. Wakabishana juu ya mwanangu kama mkungu wa ndizi mnadani, naye kasimama palepale. Nimetoka na fomu ileile.

Ni kweli ng'ombe wa mahari hawakuja kwetu. Baba yangu alikufa na aibu hiyo.

Alhamisi, 6 Juni

Namchukia. Naandika nisije nikasahau nikamsamehe.

Tusekile anasema chotara si tusi. Angeulizwa, angeandika vyote viwili. Lakini hakuulizwa, na hilo limemuuma, namjua. Anaosha vyombo bila kuimba. Uandikishaji unafungwa Jumatatu.

Jumamosi, 8 Juni

Limenijia nikipalilia viazi. Nimekaa chini kwenye tuta, nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Mama yangu alikuwa mkunga. Ndiye aliyempokea huyo Ambakisye. Baba yake alitoka ng'ambo ya mto Songwe, Malawi huko, akafyatua matofali ya kanisa, akaenda zake. Ng'ombe hakutoka hata mkia. Ndiyo maana Ambakisye ana jina la babu yake mzaa mama. Wazee wanajua, wananyamaza kwa kumheshimu mama yake. Mimi wiki hii heshima sina.

Nimepika mbalaga, ndizi kwa nyama. Tusekile kauliza kuna sherehe gani. Nimemwambia kula.

Jumatatu, 10 Juni

Nimevaa kitenge cha Pasaka, nikaenda na Tusekile. Foleni ndefu kuliko juzi, nikashukuru. Alianza mwenyewe: “Mama Tuse, leo umeleta ng'ombe?”

Wakacheka. Nikawaacha wamalize.

“Nimekuja kuuliza wa kwenu. Wewe kabila gani?”

“Mnyakyusa, unanijua.”

“Ng'ombe wa baba yako walifungwa zizi gani? Au yule Mmalawi alipita kama mwizi wa kuku?”

Wazee wote macho chini. Na mimi sikushusha sauti.

“Ng'ombe wasipotoka, mtoto ni wa babu mzaa mama. Ndivyo ulivyo wewe. Ndivyo alivyo Tusekile. Kama yeye chotara, jiandike na wewe. Chagua!”

Alichukua fomu mpya. Akamwuliza Tusekile kwa sauti ndogo, “Niandike nini, dada?” Tusekile akanitazama mimi kwanza. Kisha akasema, “Mnyakyusa.”

Raha niliyoipata leo sijaipata tangu nimzae. Njia nzima nimeimba. Tusekile alitembea mbele, hakuimba.

Alhamisi, 13 Juni

Baridi. Chai kidogo.

Asubuhi nimekutana na mama yake Ambakisye bombani. Nikamsalimu, “Ugonile, bibi.” Hakuitikia. Amejaza ndoo yake, amejitwisha mwenyewe, amepita. Alinibeba mgongoni mimi, mama akienda kuzalisha watu.

Kwa mwanawe sijutii hata nukta. Ningeweza ningerudia kesho. Ila bibi sikumfikiria.

Nimepika mbalaga, nikamtuma Tusekile apeleke kwa bibi, sufuria nzima. Amekaa huko muda mrefu. Amerudi mikono mitupu.

Nikauliza, bibi kasemaje?

“Ameshukuru, amesema ndaga. Amesema nikuambie, yule mtu alikuwa fundi matofali. Hakuwa mwizi.”